Kutembea jangwani mchana wakati wa kukaa kwenye gari-nyumba huko Arizona: naomba ushauri

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Yaya yangu wa kiume, yaani kaka yangu mkubwa, na mke wake, wastaafu wanaoishi Kanada, wana desturi ya kuikimbia theluji kila mwaka kwa kuteremka na gari-nyumba lao hadi kusini mwa Arizona, na safari hii wamenialika nikae nao kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Gari lenyewe lina urefu wa mita 10, lina vitanda, jiko na choo ndani, na wakishaliegesha mahali hawaliondoi kwa muda mrefu. Mpango wao ni kuanza karibu na Tucson, kuhamia hifadhi ya Organ Pipe Cactus iliyopakana na Meksiko, kisha kumalizia katika hifadhi ya Joshua Tree, upande wa California.

Yaya ana goti bovu, na wifi anasema kwamba alistaafu ili apumzike, kwa hiyo hakuna kati yao atakayefuatana nami katika kile ninachokitamani zaidi, yaani kutoka asubuhi, kutembea katika njia za jangwani, na kurudi kwenye gari kabla ya chakula cha jioni. Sitaki kulala nje wala kubeba hema. Nimepita umri wa miaka 50, nina afya nzuri na miguu yangu imezoea kazi, ila mji wetu ni tambarare, na mlima pekee ninaouona kila siku ni ule mweusi wa mabaki ya mukuba, yaani shaba, kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, ambao hakuna anayeupanda kwa kujifurahisha.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, kwa kuwa yatakuwa majira ya baridi, nahitaji kweli kubeba lita nyingi za maji kama wanavyoandika wanaotembea huko wakati wa joto? Nguo ninazovaa hapa kwetu mwezi wa Juni na wa Julai, asubuhi za baridi, zitatosha? Nyoka wanakuwa macho? Na jambo linalomtia yaya wasiwasi kuliko yote: ni busara mwanamke wa umri wangu kutembea peke yake katika njia hizo? Ningependa majibu ya watu wanaoijua ardhi hiyo au wenye uzoefu wa milima.

Mkaaji wa Tucson, mzaliwa wa Kamalondo

Karibu sana, Mwalimu. Wakongo tuko wengi huku kuliko unavyodhani, na Kiswahili chetu utakisikia madukani. Utaniruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo litakaloamua utatembea mara ngapi, nalo ni mahali yaya atakapoliegesha gari.

Gari la mita 10 halipelekwi kwenye mwanzo wa kila njia. Huko Organ Pipe, kwa mfano, njia nzuri ya korongo la Estes huanzia katikati ya barabara ya vumbi iitwayo Ajo Mountain Drive, ambayo hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 25, yaani mita 7 na nusu hivi. Karibu na Tucson, barabara ya Gates Pass ina mikunjo na mteremko mkali, na magari marefu huzunguka kwa Ajo Way na Kinney Road. Kama yaya anakokota gari dogo nyuma ya lile kubwa, milango mingi itafunguka. Kama halikokoti, mwombe achague kambi ambazo njia huanzia pale pale, ili umalize kunywa chai, ufunge kamba za viatu na uondoke bila kumsumbua mtu. Upande wa Tucson kuna kambi ya Gilbert Ray, iliyo ndani ya Tucson Mountain Park. Njia ya Brown Mountain iko jirani kabisa, na sehemu ya magharibi ya hifadhi ya taifa ya Saguaro haiko mbali. Organ Pipe ina kambi ya Twin Peaks, ambako hakuna umeme wa kuchomeka gari lakini maji yapo, na ambako unaweza kwenda kwa miguu hadi kituo cha wageni, kuzunguka kilima kwa njia ya Desert View isiyozidi kilomita 2, au kufika kwenye mgodi wa zamani wa Victoria kwa kilomita 7 hivi, kwenda na kurudi. Kwa wiki ya kwanza, hizo zinakutosha kabisa.

Jambo la pili ni mwanga. Sisi tuliozaliwa Lubumbashi hatuna mazoea ya kuogopa ufupi wa siku, kwa kuwa kwetu tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki hata saa mbili. Hapa tofauti hiyo inapita saa nne. Katikati ya Januari jua la Tucson huchomoza karibu saa 1 na dakika 25 asubuhi na huzama karibu saa 11 na dakika 40 jioni. Likizama nyuma ya mlima, korongo hupoteza joto mapema kabla ya giza lenyewe. Kumbuka pia kwamba California iko nyuma ya Arizona kwa saa moja wakati wa baridi. Mwishoni mwa Februari, wakati huku jua litakuwa linazama karibu saa 12 na dakika 20, saa yako ya mkononi ukiwa Joshua Tree itaonyesha saa 11 na dakika 40 wakati jua hilo hilo linapozama. Mtu aliyezoea jioni za Tucson anaweza kupanga vibaya siku yake ya kwanza huko.

Kuhusu nguo, jaketi lako la Juni litafaa asubuhi, lakini usivae kitu kimoja kizito. Mchana wa Januari mjini Tucson hufika nyuzi 18 au 19, na alfajiri hushuka hadi 4 au 5, wakati mwingine hadi barafu. Vaa nguo tatu nyepesi zinazovulika moja baada ya nyingine, uongeze kofia ya sufu na glavu ambazo utazivua baada ya nusu saa ya kutembea. Joshua Tree ni baridi zaidi: sehemu kubwa ya kambi zake ziko juu, mchana hufika nyuzi 15 hivi, usiku maji huganda, na mara chache theluji huanguka. Suruali ya jinzi iache kwenye gari, kwani ikilowa haikauki na hukunyang'anya joto.

Nyoka-njuga wengi hulala mashimoni majira haya, ingawa siku yenye jua kali mmoja anaweza kutoka kuota joto juu ya jiwe. Tazama unapoweka mkono na unapokaa, inatosha. Adui wa kweli wa kila siku ni dungusi aitwaye cholla. Vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo tu, na miiba yake ina vindoana vinavyoshika nguo na nyama kwa pamoja. Ukikishika kipande kwa vidole, sasa kimekushika mahali pawili. Beba kitana cha meno mapana: ukiingize kati ya kipande na ngozi, kisha ukirushe mbali na watu. Kibano kidogo kitamaliza miiba iliyobaki. Kuna pia nyuki ambao, kwa ukoo, ni wa kwetu, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa Afrika na kupelekwa Brazili mwaka 1956, nao wakapanda kaskazini hadi hapa. Baridi huwatuliza, lakini ukisikia mvumo kwenye mwamba usikaribie kuhakiki undugu.

Vibao vyote vimeandikwa kwa maili na futi. Maili moja ni kilomita 1.6, na futi 1,000 ni mita 305. Jambo la mwisho kwa leo: beba pasipoti yako pamoja na karatasi zako za kuingilia nchini, hata ukienda kutembea kwa saa mbili tu. Barabara zinazotoka Organ Pipe kuelekea kaskazini zina vizuizi vya askari wa doria ya mpakani, na mgeni anatakiwa kuwa na hati zake mwilini.

Mzee wa Himbi, Goma

Mwalimu, dada yangu, nakuandikia kama mtu aliyekuwa akiwasindikiza wageni Nyiragongo enzi mlima ulipokuwa ukipandwa. Jangwa la Arizona na mlima wetu wa moto havifanani kwa rangi, ila vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili humpotosha mtu wa mji tambarare kuhusu muda. Mtu huona kilomita 8 kwenye ramani, anakumbuka kwamba kilomita 8 za mjini ni chini ya saa mbili, na anaondoka kwa utulivu.

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892, ambayo mpaka leo wapanda milima wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ijaribu kwenye Nyiragongo. Kutoka Kibati hadi ukingo wa shimo ni kilomita zipatazo 8 na kupanda takriban mita 1,500, kwa hiyo kanuni inatoa saa 4 na dakika chache. Wageni wetu walitumia kati ya saa 4 na 6. Maana yake ni kwamba Naismith anamhesabu mtu mwenye nguvu asiyesimama. Wewe, na wala sikuvunjii heshima, ongeza nusu ya jibu juu yake.

Sasa chukua njia ya Hugh Norris inayopanda hadi kilele cha Wasson katika hifadhi ya Saguaro, kilele cha mita 1,428. Ni kilomita 16 hivi kwenda na kurudi, na kupanda kunapita mita 600. Kanuni inatoa zaidi ya saa 4, na kwa nyongeza yetu ni zaidi ya saa 6. Ukitoka saa 3 asubuhi, baridi ikishapungua, utafika chini baada ya saa 9 alasiri ikiwa kila kitu kimekwenda sawa, na jua linazama saa 11 na dakika 40. Inawezekana, ila haina nafasi kubwa ya kifundo cha mguu kilichoteguka. Kwa upande mwingine, Ryan Mountain huko Joshua Tree ni kilomita 4.8 na mita 320 za kupanda: kanuni inatoa saa moja na nusu, nasi tunaandika mbili na robo, na siku yote iliyobaki ni yako.

Kwa sababu hiyo, kila siku kabla ya kutoka amua saa ya kugeuka na uiandike. Saa hiyo ikifika, geuka, hata kama kilele kiko mbele ya macho yako. Wageni waliotusumbua Nyiragongo hawakuwa wadhaifu. Walikuwa wale wenye nguvu waliosema "bado dakika kumi tu". Na usidhani kuteremka ni kupumzika. Vijiwe vilivyolegea juu ya mwamba mgumu huteleza chini ya kiatu, na hapo ndipo miguu iliyochoka huanguka. Chukua fimbo mbili za kutembelea na uzirefushe kidogo wakati wa kuteremka. Kwa umri wetu, fimbo si dalili ya uzee.

Muuguzi wa Kadutu, Bukavu

Dada Mwalimu, wengine wamekwisha kuzungumzia njia, nami nabaki na mwili.

Baridi hupunguza kiu bila kupunguza haja ya maji kwa kiasi kile kile. Hewa ya jangwani ni kavu sana, jasho hukauka kabla hujaliona, na kila pumzi hutoka na unyevu. Kwa hiyo mtu huhisi mkavu wa nguo na kudhani hajapoteza kitu. Wasimamizi wa hifadhi hizo hushauri galoni moja, yaani karibu lita 3 na nusu hadi 4, kwa kila mtu kwa siku nzima, na hicho ni kipimo cha siku yote pamoja na ya kunywa ukiwa kwenye gari. Kwa matembezi ya saa 4 mwezi wa Januari, hesabu nusu lita kwa saa na ongeza lita moja ambayo hutaigusa isipokuwa umechelewa. Hizo ni lita 3 mgongoni, kilo 3 za uzito, na zinapungua kadiri unavyotembea. Joshua Tree uwe mkali zaidi: hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na maji ya bomba yako pembezoni tu, kwenye malango na katika kambi chache, kwa hiyo tangi la gari lijazwe kabla ya kuingia.

Usiende upande wa pili pia. Mtu anayekunywa maji matupu mengi kwa saa nyingi bila kula huishusha sodiamu ya damu, na dalili zake, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyekosa maji. Akiongezewa maji anazidi kuharibikiwa. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: kula kidogo kidogo njiani vitu vyenye chumvi. Karanga za kukaanga zenye chumvi hazina mpinzani. Kama una shinikizo la damu au unatumia dawa za kukojoza, zungumza na daktari wako kabla ya safari kuhusu chumvi hiyo.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni vumbi. Udongo wa kusini mwa Arizona na wa sehemu za California una kuvu iitwayo Coccidioides, ambayo huvutwa na pumzi na kuleta homa ya bondeni: kikohozi, homa, uchovu mkubwa, maumivu ya viungo, kwa kawaida wiki moja hadi tatu baada ya kuvuta vumbi. Wengi hupona bila matibabu, na haiambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, lakini watu weusi wamo katika kundi linaloonekana kupata zaidi ule mkali unaosambaa mwilini. Siku ya upepo wa vumbi baki ndani ya gari. Na ukirudi Lubumbashi mwezi wa Machi ukapata homa na kikohozi, kila mtu atakuambia ni malaria; pima malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa Arizona. Kinyume chake ni muhimu vile vile, na pengine zaidi: ukipata homa huko katika wiki za kwanza, mwambie daktari wa Marekani kwamba umetoka Kongo na uombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo, maana hilo si wazo litakalomjia kwanza.

Kijana wa Ruashi, Lubumbashi

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mfupi: pakua ramani ya eneo zima kwenye simu ukiwa bado na intaneti, kwa sababu ndani ya Joshua Tree na Organ Pipe mtandao wa simu hupotea kabisa. Iweke simu katika hali ya ndege ukiwa njiani ili isimalize betri kwa kutafuta mnara, na uibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi hula betri. Ramani bado itakuonyesha ulipo.

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Nimeyasoma yote zaidi ya mara moja, na nimemtumia yaya sehemu inayohusu kambi. Amejibu kwamba gari dogo wanalo, wanalikokota, kwa hiyo hilo limetatuliwa. Lakini ameongeza ushauri wake mwenyewe, nami nauleta hapa kwa sababu sijui niupokee vipi. Anasema kwamba badala ya kupanda milima nifuate mito mikavu, kwani chini yake ni mchanga tambarare, hakuna miiba mingi, na mtu hawezi kupotea kwa kuwa anarudi kwa mkondo ule ule. Anasema pia kwamba nitafurahia kuona migodi ya zamani, nikiwa mtoto wa mji wa mukuba. Je, mnaafikiana naye? Na swali la kutembea peke yangu naona mmelizunguka.

Mkaaji wa Tucson, mzaliwa wa Kamalondo

Mpe yaya heshima zangu. Kuhusu mito mikavu ana haki kwa nusu. Siku ambazo anga ni safi na hakuna utabiri wa mvua popote katika milima inayolisha mkondo huo, kutembea mchangani ni raha, na nyayo za wanyama utaziona vizuri. Taabu ni kwamba mvua inayoleta maji si lazima ikunyeshee wewe. Mvua za baridi hutoka Bahari ya Pasifiki, hunyesha polepole kwa saa nyingi juu ya milima, na mkondo uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kuwa na maji ya kahawia mchana huku wewe ukiwa juani. Kina cha sentimeta 15 cha maji yaendayo kasi hutosha kumwangusha mtu mzima. Njia ya Seven Falls katika korongo la Bear, mashariki mwa Tucson, hukatiza kijito mara kadhaa. Baada ya mvua ndipo inapopendeza zaidi, na ndipo pia inapobidi kuuliza kwanza kwenye kituo cha Sabino Canyon kama vivuko vinapitika. Ukiwa ndani ya korongo lenye kuta zilizobanana, jiulize kila baada ya muda ungetokea wapi kama ingebidi kupanda juu haraka. Usipopata jibu, rudi.

Pia si kweli kwamba mtu hapotei. Unapoteremka na mkondo, matawi mengine huungana nao bila wewe kuyaona, kisha wakati wa kurudi juu kila tawi linaonekana kuwa njia uliyokuja nayo. Geuka nyuma mara kwa mara uitazame sura ya kurudi.

Kuhusu migodi nitakuwa mkali kuliko ninavyopenda. Sisi wa Katanga tunajua shimo lililoachwa ni kitu gani: hewa mbaya isiyonuka, mbao zilizooza, na kisima kilichofunikwa na tabaka jembamba la kifusi. Ya Arizona hayana tofauti, na yametapakaa milimani. Mgodi wa Victoria utazame kutoka nje. Kama unataka mukuba, mwombe yaya mpite Ajo, mji mdogo ulio kaskazini mwa Organ Pipe, ambako mgodi wa wazi wa New Cornelia ulifungwa mwaka 1985. Shimo lake kubwa liko pembeni mwa mji, na hata mwenye goti bovu anafika kwa gari. Utajihisi nyumbani, nami sisemi hivyo kwa kusifu.

Na unapopita kwenye saguaro, dungusi warefu wenye mikono mingi, simama kidogo. Mkono wa kwanza huchukua miaka 50 au zaidi kuchipua, na mti wenyewe huweza kuishi zaidi ya miaka 150. Mengi ya makubwa utakayoyaona yalikuwa yamekwisha kusimama pale kabla Élisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, haijaanzishwa mwaka 1910.

Kutembea peke yako: mimi nasema usitembee. Katika miezi hiyo walinzi wa hifadhi za Saguaro na Organ Pipe huongoza matembezi ya pamoja, na kambi zimejaa wastaafu wanaotafuta mwenzao wa kutembea naye. Jiunge nao.

Mzee wa Himbi, Goma

Hapo natofautiana na ndugu yangu wa Tucson, ingawa kwa adabu. Kumwambia mtu mzima asitembee peke yake kamwe ni kumwambia abaki garini siku zote ambazo wengine hawana nafasi. Hata matembezi ya kundi yana hatari yake: kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye anayejua njia. Ningesema hivi: wiki ya kwanza fuatana na walinzi au na majirani wa kambini, ili macho yako yaizoee ardhi. Baada ya hapo, peke yako, tembea tu katika njia zilizowekewa alama, zenye watu wengine, zisizozidi saa tatu kwa hesabu yetu iliyoongezwa nusu. Wasson na korongo la Estes viwe vya siku zenye mwenzako. Mito mikavu isiyo na vibao, peke yako, hapana.

Kinachofanya hayo yawezekane ni yaya aliyebaki garini, na goti lake halimzuii kwa kazi hii. Kabla ya kutoka mwachie karatasi mezani yenye jina la njia, mahali inapoanzia, saa uliyoondoka, saa ya kugeuka, saa ya kurudi, rangi ya nguo zako na dawa unazotumia. Mkubaliane pia saa moja ya mwisho, tuseme saa 11 jioni mwezi wa Januari, ambayo ikipita bila wewe kuonekana anakwenda kwa mlinzi wa kambi au anapiga 911, namba ya dharura ya huko, bila kuona haya na bila kusubiri kidogo tena. Asitoke kukutafuta yeye mwenyewe, maana hapo walinzi watakuwa na watu wawili wa kutafuta. Na tochi ya kichwani iwe ndani ya begi lako kila siku, hata kwa matembezi ya saa moja.

Kijana wa Ruashi, Lubumbashi

Naongeza kwa hilo la 911. Simu yako ikionyesha kwamba haina mtandao wa kampuni yako, jaribu kupiga 911 hata hivyo, kwa kuwa simu ya dharura huruhusiwa kupitia mnara wa kampuni yoyote uliopo karibu. Kama yaya ana iPhone 14 au ya baadaye, akuazime siku unazotoka peke yako, kwani inaweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti mahali pasipo mnara wowote. Lazima usimame mahali pa wazi na uielekeze kule inakokuonyesha, na ndani ya korongo lililobanana inaweza kuchukua muda mrefu. Ile karatasi ya mezani iandikwe kwa Kiingereza na umbali wake uwe kwa maili, kwa sababu yaya ataisoma neno kwa neno kwa mtu aliye upande wa pili wa simu.